Maneno ya Wendelin

Mwaka wa sita tangu vita vya Maji Maji, Verediana alikuwa akijifunza uuguzi misheni, Ifakara. Wenzake walipenda kufunga vidonda. Yeye alipenda kukaa na watu ambao maneno yaliwagomea: wenye kigugumizi, na waliopigwa kichwani vitani.

"Ukimaliza, nani atakupa kazi?" mama yake alimuuliza. "Kidonda kinaonekana. Maneno utayafunga kitambaa wapi?"

Verediana alicheka, lakini swali lilimkaa moyoni.

Mgonjwa aliyemsumbua zaidi alikuwa Wendelin, mpiga kasia wa zamani. Rungu lilimpata kichwani vitani, na tangu hapo, ingawa alielewa kila alichoambiwa, jibu lake lilikuwa neno moja tu: "Haya." Akitaka maji, haya. Akimwita mkewe Rosa, haya.

Asubuhi moja Verediana alimkuta Rosa uani kwao akitwanga mpunga, na Wendelin kando yake anaimba. Ulikuwa wimbo wa kuvushia mtumbwi, nao ulitoka mzima, bila neno kupotea.

"Shikamoo, mama. Huwa anaimba hivi?"

"Marahaba. Siku zote. Wimbo ukiisha, na maneno yanakwenda nao."

Verediana alirudi misheni mbiombio. Mwalimu wake, Sista Theodosia, alisema hajui kitabu kinachoeleza jambo hilo. "Jaribu," alisema, "na uandike unachokiona."

Kila siku akaketi na Wendelin, wakigonga kasia chini na kuimba, kwa sauti ya wimbo ule, maneno ya nyumbani: nataka maji, nipe kiti, njoo Rosa. Majirani walicheka. Mwezi wa tatu wa mazoezi hayo Verediana alianza kupunguza wimbo kidogo kidogo, na maneno yakabaki.

Kisha, mchana mmoja, Rosa alileta chakula. Wendelin alionja, akarudisha tonge.

"Wali," alisema polepole, "umeungua."

Rosa alikaa chini palepale, akacheka huku machozi yanamtoka. "Rudia, mume wangu."

"Umeungua. Na chumvi hakuna."

Habari zilivuka mto. Watu walikuja kutoka Mahenge, hata Uchindile: bibi aliyepooza upande mmoja na kupotewa na maneno, mpiga ngoma mwenye kigugumizi. Misheni ikampa Verediana chumba, mshahara, na wanafunzi wawili wa kufundisha. Siku ya kwanza somo lilichelewa kuanza, kwani mpiga ngoma alikuja na ngoma yake, na bibi yule alikuwa tayari anacheza kwa upande wake mzima.