Dungu la Watu Wawili

Jaji aliyasoma maneno ya Tryphena bila haraka, kama mtu anayesoma barua isiyomhusu.

"Ndugu yangu alilala dunguni kila usiku, tangu mahindi yalipotoa mbelewele hadi tulipovuna. Hakukosa hata usiku mmoja. Ni yeye na jirani yetu tu, hakuna mwingine aliyelala pale."

Tryphena, kwenye benchi la nyuma la mahakama ya Voi, aliinamisha kichwa. Maneno hayo aliyatamka miaka minne iliyopita mbele ya hakimu wa kwanza, akimtetea mdogo wake Sylus, tena kwa majivuno kidogo. Alitaka ieleweke kwamba usiku ule duka la jumla lilipovamiwa kule Maungu na watu wawili wenye bunduki, Sylus alikuwa kijijini Kasigau, juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mahindi, akifukuza ndovu. Kwao, mwanamume anayewaachia ndovu shamba hasemwi vizuri. Alikuwa akimsifu.

Lakini siku tatu baada ya wizi, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yamekwisha, polisi walipanda ngazi ya lile dungu, wakainua kirago, wakakuta bunduki.

Dungu lenyewe lilisimama mpakani, kati ya shamba la kina Tryphena na lile alilokodi Wabwire, kibarua wa mkonge aliyetoka Busia. Walilijenga pamoja na kulinda pamoja, mmoja akisinzia mwingine apige debe. Hakimu aliwahukumu wote wawili kifo kwa wizi wa kimabavu na miaka kumi kwa bunduki. Ile kumi akaiweka kando, maana mtu aliyehukumiwa kifo hapewi kifungo kingine cha kutumikia. Wakakata rufaa.

"Mwenye duka aliwaona kwa mwanga wa tochi uliopita mara moja," jaji aliendelea. "Gwaride la utambulisho halikufanywa. Hatia ya wizi naifuta, na adhabu ya kifo pamoja nayo."

Tryphena alijikuta amesimama. Askari akamwashiria aketi.

"Kuhusu bunduki, si lazima kila mmoja awe ameishika. Pale mahali palikuwa pao wawili, na hapakuwa na mwingine aliyelala pale. Dada ya mrufani wa kwanza ameeleza hivyo mwenyewe. Miaka kumi inabaki, ihesabiwe tangu siku waliyokamatwa."

Ilibaki miaka sita hivi, basi. Tryphena alikuwa amekuja na shati jipya la Sylus, akiamini atalivaa wakirudi nyumbani pamoja.

Askari mmoja alimruhusu asimame dakika chache kwenye mlango wa mahabusu, nyuma ya mahakama. Wabwire ndiye aliyemwona kwanza.

"Dada Tryphena, mbona umekonda? Sisi wa maharagwe ya serikali ndio tumenenepa."

"Mwache kwanza," Sylus akamwambia, akisogea kwenye nondo.

Tryphena hakuweza kumtazama. "Ni mimi niliyekufunga."

"Nani amekwambia?"

"Si umesikia jaji? Kama ningesema ulikuwa ukilala nyumbani..."

"Dada, nilijua iko pale." Sylus alishusha sauti. "Wabwire aliileta wakati wa mbelewele. Alisema ni ya ndovu. Akapiga hewani mara mbili, hawakurudi tena msimu ule. Hukusikia milio?"

"Nilisikia. Nikadhani ni fataki."

"Haikuwa fataki."

Mwaka ule ghala lilijaa hadi mlango ukagoma kufunga. Tryphena alipukuchua mahindi akiimba, akawaambia majirani kwamba Mungu amewakumbuka.

"Na Maungu?"

"Maungu sikufika. Hilo ulisema kweli."

"Wala mimi," Wabwire akasema nyuma yake. Safari hii hakuwa na mzaha. "Lakini kosa la bunduki ni langu, dada. Hilo linaniuma."

"Ungeniambia, Sylus," Tryphena akasema.

"Ningekwambia, ungeyasema kortini."

Tryphena aliwaza kidogo. "Ningeyasema."

Sylus akacheka, na yeye akacheka pia. Aliupitisha mkono kati ya nondo akamshika ndugu yake kifundo cha mkono. Kilikuwa chembamba kuliko alivyokumbuka, licha ya maneno ya Wabwire.

Askari akaita majina. Lori la gereza lilikuwa limewashwa.

"Mwaka huu usipande kule chini," Sylus alisema upesi, akiwa tayari anageuka. "Panda karibu na nyumba, uweze kusikia ndovu wakija. Kule chini hutawaweza peke yako."

Kule chini hakukuwa na shamba tena. Tangu wakamatwe, hakuna aliyepanda hata mbegu moja. Vichaka vilikuwa vimefika kifuani, na ndovu walipita humo mchana kama njia yao.

"Sawa," Tryphena alisema. "Nitapanda karibu na nyumba."