Mama Pacha Anataka Chumba

Mume wangu akilala, amelala. Kichwa kikigusa mto, kwaheri, mpaka kesho. Zamani nilikuwa namsimulia jambo la maana kitandani, nikifika katikati nasikia anakoroma, nami nabaki na nusu ya habari mdomoni. Sikuwa na neno. Nilikuwa nageukia ukutani na mimi nalala fofofo.

Hayo yalikuwa kabla ya baridi yabisi. Simaanishi maumivu ya kusingizia mvua. Ninayosema mimi ni baridi yabisi yenyewe, yenye kadi kliniki na dawa za kila siku. Ilinianza pacha wangu wakiwa bado shule ya msingi, na sasa wana nyumba zao. Haiponi, inatulizwa tu. Asubuhi vidole vinagoma kukunjika, mchana vinakubali kazi, jioni magoti nayo yanaanza maneno. Nimeizoea kama unavyomzoea mpangaji msumbufu ambaye huna namna ya kumhamisha. Kilichonishinda ni usingizi. Naingia kitandani nimechoka hoi, halafu sipati hata lepe. Nikilalia kushoto bega linauma, kulia nyonga, nikilala chali mawazo yote ya dunia yananijia kwa foleni.

Nina duka la nyuzi, vifungo na zipu mbele ya nyumba, ubavuni mwa karakana ya mume wangu, na kwa kukesha huko nilianza kuuza vituko. Mshonaji mmoja wa sare za shule aliniagiza zipu nyeusi, akafika kwake akafungua mfuko akakuta utepe wa maharusi.

"Mama Pacha," akaniambia aliporudi, "hawa watoto ni wa darasa la tatu. Unawaoza kwa nani?"

Tulicheka sana. Alipoondoka nikakaa nyuma ya kabati la nyuzi nikalia, maana nilikuwa nimechoka mpaka kucheka kwenyewe kulikuwa kazi.

Sasa mwenzangu ni fundi wa makochi, mtaa mzima unamwita Fundi, na kama mafundi wote wa makochi anaamini hakuna shida duniani isiyotibika kwa sponji. Alianza kwa kunibadilishia godoro akaweka sponji ngumu. Kisha akaongeza laini juu ya ngumu, na nyingine laini zaidi juu ya hiyo, mpaka kitanda kikawa kirefu hata nikawa napanda kwa kigoda. Mtu mwenye magoti mabovu, jamani, apande kitandani kwa kigoda! Nikalalamika, akabomoa vyote, akapachika springi za kochi. Hizo nazo, nikigeuka kidogo tu, zinalia kama mtu aliyekanyagwa.

"Jaribu hii, Mama Pacha," alikuwa akisema, huku akilibonyeza godoro kwa kiganja jinsi anavyowafanyia wateja. "Hii hata hotelini hawana."

Nalala, naye ananikodolea macho kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Ningesema nini? Nasema ni nzuri. Na kweli ilikuwa nzuri. Alikuwa anatengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi wa kliniki, binti mwembamba asiyependa kuzungushwa. Hakuniuliza habari za godoro.

"Ukikosa usingizi unafanya nini, mama?"

"Natulia tuli nisimwamshe mzee."

"Kwa hiyo unajifunga kitandani na maumivu yako mpaka kunakucha."

Nilikuwa sijawahi kulisikia likisemwa hivyo. Akanieleza taratibu. Jioni nioge maji ya moto, viungo vilegee. Simu isiingie chumbani. Usingizi ukichelewa nisiulazimishe, niamke, ninyooshe mikono na miguu polepole, nikae kwenye kiti kwenye taa hafifu, nirudi kitandani nikianza kusinzia. Asubuhi niamke saa ile ile, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kisha akaingia kwa daktari na kadi yangu, akatoka na habari kwamba kidonge kimoja nilichokuwa nameza jioni kinahamia asubuhi, kwa sababu chenyewe kilikuwa kinaniweka macho.

"Na kama nyumbani kuna chumba cha ziada," akamalizia, "kitumie."

Chumba kilikuwepo, kile cha pacha, ila Fundi alikuwa amekijaza sponji na fremu za makochi. Tukiwa tunakula usiku huo nikamwambia. Nilisema kwa upole, nikaanza na kliniki, nikapitia maji ya moto, nikafika kwenye chumba. Akaacha kutafuna.

"Unanihama?"

"Nahamia ng'ambo ya ukuta."

"Ni kitanda? Nitakibomoa. Kuna sponji mpya imeingia sokoni..."

"Baba Pacha, kitanda hakina kosa. Nataka niweze kuamka, kuwasha taa, kutembea, bila kukuhesabia pumzi."

Alinawa mikono, akaenda kulala, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimsikia yuko macho. Asubuhi akanipa kisogo, akapiga simu. Jioni wifi yangu akawa mlangoni na begi lake.

Wifi ni dada mkubwa wa Fundi, mwanamke mwema mwenye mdomo usio na breki. Alikaa kwenye kochi kubwa kuliko yote, akatuweka mbele yake kama watuhumiwa.

"Wifi, amekukosea nini mdogo wangu?"

"Hajanikosea kitu."

"Amepata mwanamke?"

"Saa ngapi? Jua likizama tu anakoroma."

"Jamani, mimi nipo hapa," Fundi akasema.

"Wewe nyamaza," wifi akamwambia. "Wifi, mke analala kwa mumewe. Mkishatengana vyumba, kinachofuata kinajulikana."

Hapo damu ikanichemka. Niliinuka, na kwa magoti yangu kuinuka kwa hasira si jambo dogo, nikasema mpaka sauti ikakwaruza. "Nataka mambo mawili tu. Nataka kulala, na nataka kubaki na mume wangu. Nani kawaambia nichague moja?"

Wifi alinitazama, asitikisike. Akasema maneno hayo tutayajua, leo analala na mimi ajionee mwenyewe huo ugonjwa wa kuhama waume. Fundi akatupiwa mto akalale sebuleni.

Basi tukalala. Nikageuka, springi zikalia.

"Wifi, kuna nini?"

"Nageuka."

Nikageuka tena. Baadaye nikaamka kunyoosha miguu.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Siendi popote. Nasimama."

"Watu wanasimama usiku?"

Niliporudi, hata sijapata pa kuweka bega, nikahisi mkono wake unanitafuta gizani. Ukatua kwenye goti langu, lililokuwa limevimba na lina moto. Akauacha hapo.

"Kila siku ni hivi?" akauliza, na sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Si kila siku. Siku nyingi."

"Na mdogo wangu?"

Tukanyamaza kusikiliza. Kutoka sebuleni koromo lilikuwa linakata mbao.

"Huyo," nikasema, "ananisaidia kulala."

Wifi akaanza kucheka, na mimi nikaanza, springi nazo zikaingilia, ikawa vurugu tupu.

Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, na alitia chumvi kwenye chai akainywa bila kushtuka. Fundi alipotokea, amelala vizuri, anajinyoosha, akakuta dada yake amesimama kwenye mlango wa chumba cha pacha.

"Toa sponji zako humu."

"Dada! Hata wewe?"

"Nimelala na mkeo usiku mmoja tu, nimezeeka. Toa."

Nilitegemea Fundi aje juu. Badala yake akakaa kwenye fremu ya kochi ambayo haijavikwa kitambaa, akainamisha kichwa.

"Wewe ulikuwa mkubwa, dada, unakumbuka," akasema. "Baba alianza na chumba cha nje. Akasema anataka utulivu. Kisha akahamia mtaa wa pili. Kisha tukawa hatumwoni."

Hasira zangu zote ziliniishia pale pale. Siku zote mbili hizo nilikuwa nadhani mume wangu anaogopa midomo ya majirani, kumbe ni mtoto aliyekuwa akimsubiri baba yake. Nilimwonea huruma. Nikakaa kando yake kwenye ile fremu, mbao zikituchoma wote wawili.

"Mimi siwezi kwenda mtaa wa pili," nikamwambia. "Hata kufika dukani kwangu natafuta pa kushika."

Akacheka kidogo kwa pua.

"Na nikitaka kuongea na wewe?"

"Piga hodi."

"Nipige hodi nyumbani kwangu? Kwa mke wangu wa ndoa?"

"Ulipokuja kunichumbia si ulipiga?"

"Nilipiga," akasema. "Na shati nilipiga pasi."

Alifikiri, akiwa ameshika kidole changu kimoja, kile kilichopinda zaidi. Mwishowe akakubali, lakini kwa sharti: tujaribu, na usingizi usipokuja nirudi. Nikaona ni haki. Wifi akashika fremu upande mmoja, yeye upande mwingine, na kabla ya mchana chumba kilikuwa cheupe, kina kitanda cha kawaida, kiti na taa ndogo. Wifi akaondoka na basi la jioni, akilalia begi lake tayari.

Fundi alilichukulia jambo la hodi kwa uzito ambao sikuutarajia. Jioni ile alioga, akachana nywele, akavaa shati lililopigwa pasi, akaja kusimama nje ya mlango ulio hatua chache kutoka mlango wake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

"Mbali sana. Barabara mbaya, nimepita kwenye sponji."

Akakaa kwenye kiti, tukaongea. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ni mtu wa stori. Kwa miaka mingi alikuwa analala kabla sentensi haijafika mwisho, na sasa, kwa kuwa amekaa kitini na amevaa shati la kutokea, alikuwa anamaliza. Alinikanda vidole huku akinisimulia wateja wake, yule anayetaka kochi la kumfanya mama mkwe asikae muda mrefu, na mwingine aliyeleta kiti ndani yake kukakutwa kijiko alichomsingizia dada wa kazi kwamba kakiiba. Akianza kupiga miayo namfukuza. Anaondoka akigeuka nyuma, kama zamani.

Nilipenda jioni hizo kuliko ninavyoweza kusema. Ila usingizi haukuja mbio. Nilifanya yote, maji ya moto, kunyoosha, kiti, taa hafifu. Usiku mmoja napata kidogo, unaofuata nakesha. Maumivu yenyewe hayakwenda popote, na muuguzi hakuwa ameniahidi kwamba yatakwenda. Kila asubuhi Fundi alinitazama kabla ya kunisalimia, nami nilijua anauliza nini. Hakusema nirudi. Alikuwa anangoja tu, kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitia wasiwasi. Niliogopa kwamba nimemtia mtu huyu hofu ya utotoni bure, na kwamba nitarudi kwenye zile springi na kukaa tuli mpaka kuzeeka.

Jioni moja nilioga nikaingia chumbani kumsubiri. Maji yalikuwa ya moto vizuri, magoti yametulia. Nikasema nijinyooshe kidogo kitandani mpaka atakapokuja.

Kilichofuata ni jua usoni. Nililala nikilitazama lilivyoingia dirishani, nisielewe limefikaje. Nilimsikia mume wangu nje, mbele ya karakana, anaongea na mteja aliyeleta kiti chake kwenye pikipiki.

"Jana nimepiga hodi kwa mke wangu," alikuwa anasema, "kimya. Nikapiga tena, kimya. Nimesimama pale na shati langu la pasi mpaka miguu imeingia ganzi. Hakunifungulia!"

Ungesikia sauti yenyewe ungedhani anatangaza kuzaliwa kwa mtoto.

"Pole sana, Fundi," mteja akasema kwa huruma. "Vumilia. Mtapatana."

"Pole ya nini?" mume wangu akapaza sauti mtaa mzima usikie. "Alikuwa amelala! Mke wangu alikuwa amelala!"

Kisha akakumbuka dirisha. Akashusha sauti, nikamsikia anamwomba yule mteja asiwashe pikipiki hapo, aisukume kwanza mpaka kwenye kona. Saa yangu ya kuamka ilikuwa imeshapita, muuguzi anisamehe. Nikafumba macho, nikamwachia aendelee kuninyamazishia mtaa.