Wanawake Waliokosekana Katika Makala ya Hanung

Hanung Prasojo alikuwa mhadhiri wa uchumi wa Kiislamu katika kitivo chetu, mjini Solo, Indonesia, na makala iliyompa jina aliiandika angali kijana. Ilihusu wanawake wanaouza vitambaa sokoni. Baadhi yao walikopa kwenye chama cha msikiti, bila riba. Wengine walikopa kwa watu wa pikipiki, wakopeshaji wa riba wanaopita kila asubuhi kukusanya chao. Baada ya miaka miwili, aliandika Hanung, biashara za waliokopa msikitini zilikuwa zimekua karibu maradufu ya zile nyingine. Makala ikanukuliwa kila mahali. Makhatibu waliitaja mimbarini, na mfuko mmoja wa zaka ulimwalika kila mwaka azungumze.

Mkewe, Endah, alifundisha mbinu za utafiti katika kitivo hicho hicho. Alikuwa na lalamiko moja lisilokwisha: kwamba katika fani yetu watu huanza na hitimisho, kisha ndipo wanatafuta takwimu za kulivisha. Muhula ule aliwaagiza wanafunzi wachague makala inayosifiwa, waombe data zake, na wapige hesabu upya. Wakachagua ya Hanung.

"Wape tu," alisema Hanung, akazituma siku hiyo hiyo. Hakudhani ana la kuficha.

Hesabu zilipoanza, mwanafunzi mmoja, Rizka, akanyoosha mkono. Kwetu mwanamke huitwa Bu kwa heshima, na mwanamume Pak.

"Bu Endah, waliokopa msikitini mwanzoni walikuwa wengi. Mwishoni theluthi yao hawamo. Wamekwenda wapi?"

"Makala inasemaje?"

"Haisemi kitu, Bu."

Endah alinisimulia kwamba alingoja hadi chakula cha mchana cha Ijumaa ndipo amuulize mumewe.

"Mas," alisema, kwa jina la kaka alilomwitia tangu uchumba, kama yeye alivyoitwa Dik, yaani mdogo wangu, "wale wanawake waliotoweka ni akina nani?"

"Walihama, Dik. Watu wa sokoni hawatulii."

"Theluthi nzima? Walikodi basi?"

"Sikuwapata. Ulitaka niwapigie ramli?"

"Nilitaka uandike kwamba hukuwapata."

Hanung akaweka kijiko chini. Mwaka ule jina lake lilikuwa limependekezwa kwa uprofesa. "Unajua wala riba watakavyoshangilia wakisikia haya?"

"Na mimi ndiye nitakayewapigia vigelegele, siyo? Kula tempe zako za soya, zinapoa."

Siku zilizofuata waliongea mambo ya gesi na maji tu. Mkuu wa kitivo alimshauri Endah abadilishe zoezi, kwa ajili ya amani ya nyumba. Endah akamjibu kwamba nyumba ni yake, na amani yake ataitafuta mwenyewe.

Kisha, bila kutumwa na kitivo, Hanung akarudi sokoni. Aliwaomba Rizka na wenzake wawili wamsaidie kuulizia waliokosekana, meza kwa meza. Wa kwanza waliyempata alikuwa Bu Sumiyem, ambaye sasa aliuza wali mbele ya nyumba yake, nje ya mji.

"Nilifunga meza mume wangu alipougua," alisema. "Pesa ya msikiti ilikwenda hospitali yote."

"Chama hakikukudai?"

"Walikuja. Wakanywa chai, wakamwombea mgonjwa, wakasema nilipe nikipata. Bado sijapata, Pak. Wamekutuma wao?"

"Hapana. Nimetumwa na mke wangu."

Bu Sumiyem akacheka hadi akashika kiuno. "Afadhali basi ungetumwa na wao!"

Hanung alikuwa na hofu kwamba wote waliokosekana walikuwa wamefilisika. Haikuwa hivyo. Wengine walikuwa na maduka katika jiji la Surabaya na wafanyakazi wa kulipwa. Ila walioanguka walikuwa wengi zaidi. Upande wa waliokopa kwa watu wa pikipiki nao ulikuwa na waliopotea, na hao ilikuwa kazi kuwapata, kwa sababu walijificha. Mmoja alizungumza kwa kupitia mlango uliofunguliwa kidogo tu. Cherehani yake ilichukuliwa, kisha meza, kisha godoro.

Walipowaingiza wote kwenye hesabu, ile tofauti kubwa ya ukuaji wa biashara ikayeyuka, ikabaki ndogo isiyoweza kutegemewa. Lakini likajitokeza jambo ambalo makala ya kwanza haikulitazama kabisa: wale waliokopa msikitini, hata walipoanguka, walibaki na vitu vyao.

Hanung aliniambia kwamba aibu ilimpata, ila haikumkaa. Kilichomuuma ni kwamba jambo hilo lilikuwa pale pale sokoni miaka yote, naye alikuwa akizunguka kumbi za mikutano akisifia jingine.

Aliwaandikia wahariri wa jarida akiomba kusahihisha. Wao wakamuuliza kama ana hakika. Marekebisho yalitoka na majina ya wanafunzi mbele, lake mwisho. Uprofesa ule akapewa mwingine. Mfuko wa zaka haukumwalika tena.

Nyumbani, Endah hakumpongeza wala hakumpa pole. Alimwomba aje aongee na darasa lake, naye akaja, akajibu maswali ya Rizka hadi wanafunzi wa kipindi kilichofuata wakagonga mlango.

Bado wapo wanaotumia takwimu za zamani. Ijumaa moja Hanung alimfuata khatibu baada ya swala, akamweleza kwa upole kwamba hesabu ile imerekebishwa na mwandishi wake mwenyewe.

"Najua, Pak," alisema khatibu. "Lakini ile ya kwanza inasikika vizuri zaidi."

Hanung akabaki pale uani mwa msikiti, akaanza kumweleza tena, toka mwanzo.