Tuta Lililomziba Mama

Dada yangu Anjalai alikuja hekaluni na jembe, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia aliweke chini. Mwanawe Kuppuraj alikuwa amezama mwezi uliotangulia, na mashua yake haikuonekana hata ubao. Sasa alitaka tuta la mchanga likatwe pengo pana, ili Mama aione bahari.

Mariyamma wetu, mungu wa kike tunayemwita Mama, ameketi pale hekaluni akitazama mashariki tangu kijiji kianze. Wavuvi wakitoka, macho yake huwafuata. Ndivyo tunavyoamini, na mimi naamini. Ila tangu bahari ilipotuingilia ikachukua watu, tumelilea lile tuta. Tumepanda mikadi, tumefukuza mbuzi, tumeacha majani ya mlakasa yatambae na kuushika mchanga. Mimi na akina mama wa kikundi cha kulilinda tuta hupima kila mwezi kwa vigingi tulivyosimika, tujue limepanda wapi na limeliwa wapi. Limepanda. Limepanda hadi limesimama mbele ya uso wa Mama kama ukuta.

"Umemfunika macho," dada aliniambia mbele ya watu wote. "Mwanangu alimwita, naye hakumwona."

Nilimjibu kwamba msimu wa dhoruba umekaribia, kwamba pengo hilo ndilo mlango bahari itakaopitia, na nyumba ya kwanza itakayobebwa ni yake.

"Ibebwe. Nani amebaki wa kuingia humo?"

Ponnusami, mkuu wa baraza, akaamua kama mambo mazito yanavyoamuliwa kwetu. Kuhani aweke ua jekundu kichwani pa Mama. Likidondokea kulia, tuta lichimbwe. Likidondokea kushoto, liachwe. Mpaka lidondoke, hakuna kula wala kuondoka.

Zamani haikuchukua muda. Upepo wa bahari uliingia mlangoni moja kwa moja, na ua lilianguka hata hujamaliza kuomba. Siku ile tulikaa. Jua likapanda, watoto wakalia njaa, wakabebwa nje. Humo ndani hewa ilikuwa imekufa. Ua halikutikisika. Nilielewa kabla ya wengine, nikainamisha kichwa, jasho likinitiririka mgongoni. Tuta lilikuwa limezuia na upepo.

Velu, mshona nyavu, alikuwa nyuma yangu. "Mlinzi wa mchanga," akasema, "hata pumzi umemfungia?"

Wachache walicheka, wakanyamaza walipoona wanacheka peke yao.

Mwishowe kuhani akatikisa kichwa. Ponnusami akasema Mama amenyamaza, na Mama akinyamaza, neno humrudia aliyeuliza. Anjalai hakungoja amalize. Alitoka na jembe lake, na wanaume wakachukua yao wakamfuata.

Nilizunguka mbio nikawatangulia. Nikasimama pale tuta lilipo chini zaidi, kati ya vigingi viwili, maana nilijua ndipo watakapoanza. Dada alipanda peku, akikanyaga mlakasa bila kuutazama.

"Toka, mdogo wangu."

"Sitoki, dada."

"Nitakupiga nalo."

"Nipige."

Akaliinua. Alinilea huyu, namjua, hasemi asilolitenda. Nilikaza macho kwenye ule ubapa wa chuma, nikangoja. Upepo wa juu ukalipeperusha pindo la sari yake likamfunika uso. Akalitoa kwa mkono mmoja, na hapo akaiona bahari. Hakuwa amepanda huku tangu siku walipoacha kumtafuta Kuppuraj.

Jembe likashuka polepole.

"Walimtafuta hadi wapi?"

Nikamwonyesha, kule maji yanakogeuka rangi. Akatazama muda mrefu. Chini wanaume walikuwa wakibadilisha majembe bega hili na lile, hawajui wapande au warudi. Kisha akamwita Ponnusami, akamwambia amlete Mama juu, ile sanamu ndogo ya shaba tunayoizungusha kwenye sherehe.

"Si siku yake ya kutoka, Anjalai."

"Hata mwanangu haikuwa siku yake. Mleteni."

Niliona watapanda kundi zima, wachane mlakasa wote, na mchanga uliochanwa hauna wa kuushika. Nikapaza sauti kwamba kila mtu afuate nyayo zangu, mmoja nyuma ya mwenzake. Wakapanda hivyo, wakinitukana kwa zamu. Mama akawekwa juu, akielekea baharini.

Dada akasema Mama atapandishwa kila siku mashua zinapotoka. "Na siku mtakayochoka kumbeba," akatuambia, "nachimba. Hapo asinizuie mtu."

Ponnusami alinitazama. Mimi nilitazama majani yaliyokatika, nikawaza kila siku miguu, kila siku jeraha palepale, na dhoruba njiani. Nikakubali. Kesho yake nikaanza kukusanya mbao za mashua zilizooza, nitandike njia ya kupandia, miguu isiguse mlakasa, kabla ya mvua.