Siku Niliyomkalisha Elimringi

Sisi tuliosoma katika shule ile ya bweni juu ya Marangu tumehifadhi desturi moja katika mikutano yetu. Mwenyekiti huitwa Kaka Mkuu. Akigonga meza mara tatu na kutaja jina la mtu, mtu huyo hukaa, wala hasemi tena mpaka Kaka Mkuu amwinue kwa kumtaja upya. Kwa kawaida ni mzaha wa wazee, namna ya kumnyamazisha msemaji asiyejua kumaliza. Mimi, Ndelilio, nilikuwa Kaka Mkuu nikiwa kijana, na nimekuwa mwenyekiti kwa miaka kumi na mmoja. Sijachelewa kikao hata kimoja. Nalisema hili ili ieleweke kwamba kosa langu sikulifanya kwa uzembe.

Mwaka jana tuliazimia kuipa shule zawadi ya jubilei. Theluji tuliyoiona kileleni mwa Kilimanjaro tukiwa wanafunzi si hii tunayoiona leo, na kwa sababu hiyo tukakubaliana zawadi iwe kitu cha kupunguza moshi barabarani. Siku hizi nusu ya wanafunzi ni wa kutwa, nao hupandishwa mlimani kwa pikipiki, watatu watatu, sweta zikinuka petroli.

Nilipendekeza gari la umeme kwa ajili ya mkuu wa shule. Hakuna shule jirani iliyokuwa nalo, na sikuona aibu kulitaja hilo kama sababu. Ndipo aliposimama Elimringi, niliyekaa naye dawati moja miaka minne, na ambaye baadaye alifundisha jiografia katika mji wa Mkuu hadi alipostaafu. Alikuwa na daftari mkononi. Kwa miezi miwili alikuwa amezunguka vijiji kwa baiskeli, akiandika kila mwanafunzi anatoka wapi na anapanda chombo gani kuja shuleni. Alitaka tununue basi. Primus wa Tarakea alikuwa anaacha kazi ya usafiri na alikuwa tayari kutuachia Kosta yake, basi dogo ambalo lilikuwa lingali zima. Na kwa watoto wanaokaa karibu, kule njia isikopanda sana, tuwanunulie baiskeli.

"Kosta nayo inatoa moshi," nikasema.

"Inatoa moshi wa Kosta moja, Kaka Mkuu. Pikipiki nilizozihesabu ni arobaini na tatu. Hilo gari lako litaondoa moshi wa nani?"

"Wa mkuu wa shule."

"Mkuu wa shule hana gari! Anapanda basi la abiria."

Ukumbi ukacheka. Jesse, ambaye hata shuleni hakujua kunyamaza, akapaza sauti kutoka nyuma: "Hapo umeshikwa, Kaka Mkuu! Leo umeshikwa!"

Nikagonga meza mara tatu.

"Elimringi. Kaa."

Kicheko kilikatika. Alinitazama kwa muda, akitafuta usoni pangu dalili ya utani, asiione. Mtu wa miaka sitini na tisa akakaa, akalifunga daftari lake na kuliweka magotini. Kura ikapigwa pasipo neno lake, gari likapita. Nikafunga kikao kwa sala, tukaenda kula mtori. Sikumwinua.

Gari lilikuja, jeupe, lisilo na sauti. Watoto walilipigia makofi. Nilipita pale langoni asubuhi moja ya mvua mwezi wa nne, nikasimama chini ya mwavuli kulitazama likiingia. Nyuma yake zilikuja pikipiki, moja baada ya nyingine, na watoto waliolowa hadi mifupani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu Eunike, mkuu wa shule, akishuka.

"Marahaba, mwalimu. Linakwendaje?"

"Vizuri mno. Tunawashukuru." Akafungua mwavuli wake taratibu. "Ila zamani nilipanda basi pamoja na walimu wenzangu. Sasa napanda peke yangu."

Hakulalamika. Angelalamika, ningepata la kumjibu.

Ilinichukua miezi miwili mingine kukata jani la isale nyuma ya nyumba yangu. Kwetu Uchaggani, mtu akikuletea jani hilo kuomba radhi, humkatalii. Nilijua hivyo, na bado nilichelewa.

Nilimkuta Elimringi uani, baina ya migomba na kahawa, akipaka grisi mnyororo wa baiskeli. Aikaeli, mkewe, alikuwa wa kwanza kuniona. "Shemeji! Tulidhani umehamia Ulaya." Kisha akaliona jani, akaingia ndani.

Elimringi alifuta mikono kwa kitambaa, akalipokea isale kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe," alisema. "Keti."

"Nataka uitishiwe kikao. Usimame useme yote. Tutanunua lile basi."

"Basi lipi? Primus alitungoja hadi Pasaka. Sasa linabeba wageni wa kupanda mlima."

"Basi tutafute jingine. Daftari unalo."

"Niliwapa wenzetu wa kule Mkuu nilikofundisha, waone namna ya kuhesabu. Wao wamekwisha kupata basi." Aliinamia tena mnyororo. "Halafu, Ndelilio, unanitaka nisimame, na hadi leo hujaniinua."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni kama yeye alivyonitazama siku ile. Hakuwa anatania.

Palikuwa na kigoda kando yake. Nikakigonga mara tatu.

"Elimringi. Simama."

Alisimama polepole, mkono mmoja juu ya tandiko la baiskeli, goti likimsumbua. Akanyoosha mgongo kama tulivyofundishwa. Nikangoja. Chini barabarani pikipiki ilipanda ikinguruma, na moshi wake ukaja hadi kwenye migomba.

"Haya," alisema Elimringi. "Nimesimama. Sasa niseme nini?"