Saa Isiyojua Kuchechemea

Philemoni Kaaya alikuwa amepona, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

Mguu alioumia kabla ya Krismasi ulikuwa umeunga vizuri. Hogo la plasta lilishakatwa, na daktari alimwambia atembee kila siku, kidogo kidogo, aongeze kadiri anavyoweza. Naye akatembea. Alitembea migombani nyuma ya nyumba yake, huko juu ya Tengeru, mahali ambapo mpita njia hamwoni, mgongo umenyooka, bila gongo, na siku nyingine akipiga mluzi. Ila kila aliposikia lango likilia, alirudi mbio, ndiyo, mbio, akaketi barazani, akauweka mguu juu ya kigoda na kuukunja uso kama mtu aliyeamka na maumivu yale yale aliyolala nayo.

Aliyekuwa akiingia langoni ni Yona Nnko, jirani yake na rafiki yake tangu walipopata kipaimara pamoja. Tangu siku ya ajali Yona alikuwa na miji miwili ya kuhudumia. Alimkatia ng'ombe wa Philemoni majani, akampogolea kahawa, na zamu ya kuzibua mfereji ilipofika alichimba kipande chake, kisha akasogea akachimba na cha mwenzake. Mkewe, Hanna, alileta loshoro ya moto, yale makande ya maziwa mgando, kila mchana, maana Philemoni alifiwa na mke zamani na binti yake, Angel, aliishi mjini. Hawakuomba hata shukrani. Waliona wanadaiwa, kwa sababu ngazi ilikuwa ya kwao.

Ilikuwa hivi. Philemoni aliazima ngazi kwa Yona ili achume maparachichi. Yona alijua kipandio kimoja kimelegea, akaitoa hivyo hivyo. Alipoitwa alimkuta mwenzake chini ya mti, mguu umepinda, na ngazi imevunjika katikati. Akaangalia ngazi, akaangalia mguu, akalia mbele za watu. Hakujua kwamba Philemoni alikuwa ameshaiacha ngazi na kusimama kwenye tawi, mkono mmoja umeshika simu akimhakikishia mnunuzi kwamba matunda ya mwaka huu ni makubwa, mkono wa pili unalifuata moja lililokuwa mbali. Ngazi haikumwangusha Philemoni. Yeye ndiye aliyeiangukia ngazi.

Angeweza kusema. Siku ya kwanza maumivu yalimziba mdomo, na hapo hatumlaumu. Siku ya pili Yona alikuja hospitalini, akashika chuma cha kitanda, akasema, "Nisamehe, Baba Angel. Nilijua ile ngazi ni mbovu." Philemoni akafumba macho. Alijiambia atasema akitoka hospitalini, kisha atasema hogo likikatwa. Lakini mtu akishazoea kuletewa majani ya ng'ombe hadi bandani, ukweli nao unaanza kuonekana kama kazi nyingine ngumu ya kufanywa baadaye.

Saa ililetwa na Angel, binti yake wa pekee, mhasibu katika kampuni ya utalii mjini. Alimfunga mkononi saa nyeusi inayohesabu hatua na mapigo ya moyo, akaiunganisha na simu, naye akawa anaona kwenye simu yake kule ofisini kila anachofanya baba yake. "Hii duara ikijaa, Baba, ujue siku hiyo umetembea vya kutosha," alimwambia. Philemoni aliipenda duara ile. Akawa anaijaza kila siku, saa inatetemeka kumpongeza, naye anatabasamu peke yake migombani. Hakufikiri kwamba anaacha ushahidi.

Masika yalipoanza, furaha hiyo iliingia mchanga. Yona na Hanna walikuwa na shamba la kukodi Kikwe, kule tambarare, ambako walipanda mahindi na maharage ya kula mwaka mzima. Mwaka huu Yona hakupata nafasi ya kushuka. Hanna alishuka peke yake, akapanda kipande alichoweza, kwingine kote kukaota magugu. Philemoni aliyasikia hayo kwa Hanna mwenyewe, akimmiminia loshoro.

"Mwaka huu mahindi tutanunua, shemeji," alisema, bila kulalamika. "Wewe pona tu."

Philemoni aliona aibu hadi masikioni, akaapa kwamba jioni ile ile Yona akija atamweleza kila kitu. Yona akaja, amelowa, miguu imejaa tope la mfereji. Philemoni akafungua mdomo, na kilichotoka ni ombi la kusogezewa gongo.

Basi akaona dawa ni kupunguza kutembea, asije akaumbuliwa na ile saa. Akajaribu kuchechemea hata akiwa peke yake, lakini saa haijui kuchechemea. Kwake hatua ni hatua, hata ya mwongo. Akaivua, akaiacha chini ya mto. Kabla ya saa sita simu ikaita.

"Baba, uko salama?" Angel aliuliza, sauti juu. "Huku inaonyesha hujatoka kitandani. Nimpigie Baba Mdogo Yona aje kukuangalia?"

"Usimsumbue Yona," alisema Philemoni, na hilo angalau alilisema kwa dhati. Akaivaa tena.

Wiki iliyofuata Angel alipiga simu akicheka kwa furaha. Alikuwa ameangalia kumbukumbu za miezi yote mitatu, akaona jinsi baba yake alivyoongeza mwendo. Alishaongea na mchungaji. Jumapili watatoa sadaka ya shukrani, na majirani wote waliomuuguza watasindikizana naye hadi madhabahuni. Philemoni alitafuta sababu ya kukataa. Mtu mzima, tena Mlutheri, atakataaje kumshukuru Mungu?

Jumapili ikafika. Alivaa koti, akashika gongo, akapita katikati ya kanisa huku kwaya ikiimba. Mbele yake alitangulia Yona, amebeba begani mkungu wa ndizi wa Philemoni na mkononi jogoo wa Philemoni, maana mgonjwa habebi. Mchungaji akaomba, akamtaja Yona kwa jina, akasema ujirani wa namna hii umebaki kwa wachache. Watu wakaitikia. Philemoni aliinamisha kichwa, wakadhani anaomba. Alikuwa akitamani sakafu ipasuke.

Baada ya ibada watu walikusanyika nje kwa mnada wa sadaka za mazao, kama kawaida. Mzee wa kanisa alishaanza kuwanadia maziwa na mayai, watu wanapandishiana bei na kutaniana. Angel akamkimbilia Yona, simu mkononi.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Njoo uone kazi yenu," alisema. "Hapa ndipo Baba alipoanza. Ona mwezi wa pili. Ona wa tatu, kila siku amejaza. Wakati wa mvua zile kubwa alitembea kuliko hata mimi."

Yona akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akairudisha. "Tunamshukuru Mungu, mwanangu," alisema. Angel akaenda kutazama mnada. Wazee wawili wakabaki wamesimama kando ya ukuta wa kanisa.

"Yona," Philemoni alianza.

"Nilikuwa najua," Yona alisema. "Nimekuona migombani mara nyingi. Siku moja ulikuwa unapiga mluzi."

"Na ukaendelea kunikatia majani?"

"Nilisema moyoni, bado hajanisamehe. Akishanisamehe ataniambia, Yona, sasa acha. Nikawa nasubiri uniambie." Alikuwa akiongea taratibu, bila hasira. "Kila asubuhi kabla ya kuja kwako, mimi na Hanna tunapiga magoti. Tunaomba moyo wako ulainike."

Philemoni aliliegemeza gongo ukutani. Alikuwa amejiandaa kuitwa mvivu. Hakujiandaa kwa hili.

"Sikuwa na la kukusamehe," alisema. "Sikuanguka kutoka kwenye ngazi. Nilikuwa juu ya tawi, naongea na simu. Niliiangukia ngazi yako, ndiyo ikavunjika. Nimejua tangu siku ile."

Yona alitazama chini kuelekea tambarare, ambako Kikwe ilionekana kijani kwenye mashamba ya watu wengine.

Wakati huo Hanna akatokea kwenye mnada, amefurahi, amebeba mayai ndani ya kitambaa. Alikuwa ameshindana bei na mke wa mwinjilisti hadi akashinda. Akayaweka mikononi mwa Philemoni.

"Ya kwako hayo, shemeji," alisema. "Mfupa unataka mayai. Usiogope kula, wewe ni mgonjwa bado."

Philemoni akamtazama Yona, akitumaini rafiki yake atasema neno lolote la kumwokoa. Yona alitikisa kichwa.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Shamba lilikuwa lake pia." Akavaa kofia yake, akaelekea barabarani bila kungoja.

Akamwambia. Alianza na tawi, akaja kwenye simu, akaja kwenye mluzi wa migombani, na miezi yote ya masika. Hakuacha kitu na hakulia, maana aliona hata kulia hana haki nako. Hanna alimsikiliza mpaka mwisho, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa safari. Kisha akanyoosha mikono, akayachukua mayai yake, akamfuata mumewe.