Namba Tasa Uani kwa Tusekile

Mita za maji zilifungwa kijijini Ihanda mwaka wa uchaguzi. Maji yenyewe yakabaki midomoni mwa wakubwa. Mita ya Tusekile ilisimama uani, kavu, kuku wakiilalia. Sadoki asingeitazama kama asingemkuta Mwalimu Zabron ameiinamia, kikombe cha chai mkononi.

Kikombe kile ndicho kilichomchoma. Cha udongo, chenye maua. Yeye Sadoki, tangu amzike mkewe Enesi, amempalilia Tusekile kahawa misimu miwili, na chai yake huletwa kwenye kikombe cha plastiki. Tena juzi amemtuma mzee Danieli na posa. Jibu bado.

"Karibu, kaka Sadoki," alisema Tusekile. "Njoo uone maajabu ya Mwalimu."

Kaka Sadoki! Wenzake huitwa baba fulani.

"Laki moja na elfu nne, mia saba ishirini na tisa," Zabron alisoma namba ya mita. "Si shufwa. Haiishii na sifuri wala tano. Jumlisha tarakimu zake, ishirini na tatu; kwa hiyo tatu nayo imegonga mwamba. Nimehangaika nayo wiki nzima."

Wiki nzima! Kumbe huyu analala hapa hapa.

"Nimejiridhisha, Mama Aida," alimwambia Tusekile. "Hii ni tasa. Tasa halisi!"

Tusekile akacheka.

Neno hilo mawifi walimbandika Enesi mpaka akaingia nalo kaburini, na zahanati ya serikali haikuwa na daktari hata mmoja wa kulikanusha.

"Mnamcheka mke wangu?" Sadoki akaupiga mkono wa mwalimu. Kikombe kikaruka, kikapasukia kwenye mita.

"Sadoki! Namba tasa ni isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mbona iko kwenye vitabu vya watoto!" alisema Zabron.

"Mimi niliishia la tatu. Mwalimu wa la nne tuliahidiwa na serikali. Alipofika nilishaota ndevu."

Tusekile alichuchumaa akaokota vipande, kimoja kimoja, akiviweka kwenye kanga.

"Vikombe hivi vilikuwa viwili," alisema bila kuinua uso. "Nilisema siku nitakayokujibu, tutavinywea mimi na wewe. Mwalimu nilimpa kimoja kwa kuwa ni mgeni. Mgeni tu, Sadoki."

"Basi nitanunua kingine. Sokoni Tunduma vimejaa."

"Mwambie mzee Danieli asijisumbue kurudi."

Zabron alikuwa amechuchumaa naye, anamsaidia kuokota.

Nyumbani Sadoki alichukua mkaa, akaiandika ile namba ukutani jikoni. Lazima igawanyike, watu wa vitabu wamedanganya mangapi? Akajaribu kuigawanya kwa saba, akitoa jasho. Mwishoni zikabaki mbili.

Akazitazama zile mbili. Zimekaa pamoja, hazitaki kuondoka. Akazifuta kwa kiganja.